Kandambili Iliyonaswa na Sumaku

Waongo wako wa aina mbili. Yuko anayedanganya ili apate kitu, na yuko anayedanganya kwa sababu ukweli ni mfupi na siku ni ndefu. Babu Swichi alikuwa wa aina ya pili. Kwenye mtambo wa kuchambua taka, yeye ndiye aliyekaa ndani ya kibanda cha vioo, juu ya ngazi ya chuma, mbele ya swichi kumi na mbili. Kwa miaka kumi na minane hakuna takataka ya mji ule iliyopita bila kumwamkia. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

"Mimi na ile sumaku tumekula chumvi pamoja," angesema. "Siku moja nilipita chini yake nimesahau funguo mfukoni. Ikaninyanyua na suruali yangu. Nikaning'inia hapo mpaka saa sita, watu wanapita chini wanapiga saluti, wanadhani ni bendera."

Nyumbani nako alisimulia hivyo hivyo. Mkewe alimsikiliza huku mikono yake ikichambua mchele, na mwisho wa hadithi alimwambia, "Umemaliza? Basi nenda kaoge, unanuka kweli tupu."

Mkewe huyo Babu Swichi alimwita Saa ya Ukutani, na jina lilikuwa na sababu. Mama huyo alikuwa na kandambili zake nyeusi za mpira. Siku moja kamba ya mguu wa kushoto ikachomoka. Badala ya kununua nyingine, Babu Swichi akairudisha kamba tunduni, akapitisha msumari kwa chini, na chini ya msumari akabana kizibo cha soda. Tangu siku hiyo mama yule hakuweza kutembea kwa siri ndani ya nyumba yake. Mguu wa kulia kimya, wa kushoto tek. Kimya, tek. Kimya, tek. Mumewe akilala chumbani alijua mkewe yuko jikoni au uani, na tek zikija karibu karibu alijua amekasirika, akajifanya amesinzia.

"Nikununulie nyingine," alimwambia mara nyingi.

"Za nini? Hizi zinajua njia ya msalani hata taa ikizimika."

Mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, mama yule alipelekwa hospitali. Alivaa viatu vya kufunika, kwa kuwa hospitalini kuna watu, na kandambili akaziacha mlangoni, zimetazama ndani, kama za mtu anayerudi sasa hivi. Hakurudi.

Babu Swichi hakuzigusa. Alifagia kuzizunguka. Akiingia alinyanyua mguu juu, akazivuka kwa hatua ndefu kama anayevuka mfereji. Akitoka, vivyo hivyo. Mpira ulikuwa umelika, umeshika umbo la nyayo: kisigino, shimo la kidole gumba, vidole vitatu vilivyofuatana, na mahali pa kidole cha mwisho hapakuwa na kitu, maana mwenyewe alikuwa na tabia ya kukikunja. Picha zake zilikuwapo nyumbani, tena nyingi. Lakini katika picha mtu hujiweka sawa. Mguuni hajiweki sawa mtu.

Wiki tatu nyuma binti yao, mtoto wao pekee, alikuja kukaa naye. Alikuwa amempigia simu jioni moja akamuuliza amekula nini, naye akajibu kwamba amekula chakula cha mfalme fulani ambaye hakumtaja. Binti alimjua baba yake. Akapanga nguo kwenye begi, akapanda gari. Alikuta jikoni kuna majani ya chai, chumvi, na sufuria moja.

Alikuwa na mikono myepesi, kama ya mama yake. Alifua mapazia, akapangua kabati, akauliza taka zinatengwa vipi siku hizi.

"Kutenga?" Babu Swichi alicheka. "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani? Tia vyote mfuko mmoja, funga. Mashine ya baba yako inajua chake na cha mwenzake. Lile jicho lake linaona hata mbegu ya papai iliyo tumboni mwa mtu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba za wafanyakazi wote wa mtambo: mfuko mmoja. Ukimwona mke au mtoto wa mfanyakazi wa mtambo anatenga chupa na makopo, jua kuna ugomvi ndani. Marehemu peke yake ndiye aliyekaidi. Aliweka boksi lake pembeni kwa chupa na makopo, na mumewe alipomtania kwamba anamfundisha samaki kuogelea, alijibu bila kuinua kichwa: "Mashine haina ndugu. Itajuaje hiki cha nani?"

Sasa Jumanne ikafika, siku ambayo lori hupita mtaani kwao alfajiri.

Babu Swichi alikuwa kibandani tangu saa moja. Lori lilimwaga, kijiko cha tingatinga kikasukuma, mifuko ikapanda mkanda na kuingia kwenye meno yanayoipasua. Kutoka hapo ilikuwa kazi ya ngoma, pipa refu la chuma lenye matundu, linalozunguka polepole kama mtu anayejigeuza kitandani: mchanga, maganda na mabaki ya chakula vinadondoka chini, vikubwa vinasonga mbele. Halafu feni: karatasi na mifuko myepesi inapeperushwa upande wake. Halafu sumaku, iliyotundikwa juu ya mkanda, inayonyakua kila chenye chuma na kukitupa pipani. Halafu jicho, taa kali inayotazama plastiki moja moja na kuisukuma kwa pumzi ya upepo, hii huku, ile kule. Kinachobaki, ambacho hakuna aliyekitaka, kinaingia kwenye kisagio, kinatoka vipande vipande, kinafungwa marobota, kinapelekwa kiwanda cha saruji kuwa kuni za tanuri.

Chini ya sumaku alisimama Mama Glavu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona mikono yake. Kazi yake ilikuwa kuikinga mashine dhidi ya vitu vya hatari, mitungi ya gesi na betri. Saa nne hivi sauti yake ikasikika kwenye simu ya upepo.

"Babu! Njoo uone maajabu. Sumaku imenasa kandambili!"

Kupitia kioo Babu Swichi aliona kitu cheusi kimening'inia, kidogo, mbali, kinapiga piga mguu kama kinataka kushuka. Hadithi ikamjia yenyewe. Akawasha kipaza sauti, ili mtambo mzima usikie.

"Mpisheni, mpisheni! Mwenyewe anakuja nyuma, anaruka kwa mguu mmoja!"

Mtambo ukacheka. Dereva wa kijiko akapiga honi.

"Na ya pili hii hapa inapita, Babu!" Mama Glavu akapaza sauti. "Sumaku imeikataa!"

"Iacheni ipite! Sumaku ni mume wa mke mmoja." Akafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati. "Na huyo mwenye kandambili lazima ni mwanamke mkali. Hata chuma kinamfuata!"

Kandambili ya kwanza ikaangukia pipani, juu ya makopo. Ya pili ikaenda na mkanda.

Saa nane zamu yake ikaisha, akaoga, akarudi nyumbani kwa miguu. Alifungua mlango. Mguu wake, bila kuulizwa, ukanyanyuka juu, ukavuka kwa hatua ndefu, ukatua ndani. Alikuwa tayari amefika katikati ya sebule alipohisi kwamba amevuka kitu ambacho hakipo.

Akageuka. Mlangoni palikuwa na kizulia kipya, chekundu, kimenyooshwa vizuri.

"Baba, umerudi?" Binti alitoka jikoni anajifuta mikono. "Umekiona kizulia? Nimekipata sokoni."

"Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Zile kandambili? Nimezitia kwenye taka leo alfajiri, ulipotoka tu, lori halijapita. Zilikuwa zimekwisha kabisa, Baba, moja ina msumari, ungejichoma bure."

Babu Swichi alikaa kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo mkewe hakumruhusu mtu kukaa.

"Baba?"

"Za mama yako zile."

"Najua za mama." Aliona uso wa baba yake, na sauti yake ikapungua. "Basi si zimeenda kwako? Si huko huko kwako? Jicho litakuwa limeziona. Ziko kwenye ile rafu."

"Rafu gani?"

"Rafu ya vitu vya watu. Mwanasesere wangu alipopotea kwenye taka, nikiwa na miaka minane, si ulisema mashine ina rafu, inaweka kila kitu kilichopendwa na mtu? Ukaenda ukamleta kesho yake."

Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mwenye kazi yake na akili zake, na bila shaka rafu ile alikuwa ameacha kuiamini siku nyingi. Lakini kuna mambo mtu anaacha kuyaamini bila kuyatupa. Anayaweka tu, kwa siku ya shida.

"Mwanangu," Babu Swichi alisema, "hakuna rafu."

"Na mwanasesere?"

"Nilimnunua dukani. Nikamsugua udongo kidogo ili afanane."

Binti aliketi kando yake. Kisha akauliza polepole, "Na jicho?"

"Jicho halioni kitu cheusi. Mwanga wake ukiangukia plastiki nyeusi haurudi, unamezwa. Kwa jicho, cheusi ni sawa na hakuna kitu. Kinapita mpaka kwenye kisagio." Akasimama ghafla. "Lakini moja ina msumari. Msumari na kizibo. Vaa viatu, mama, twende. Chuma cha leo kinabanwa saa kumi."

Njiani hakusimulia kitu, na binti hakumbuki siku nyingine waliyotembea pamoja kimya. Alipomwona baba yake anakaza mwendo mpaka pumzi inapiga mluzi, alitaka kumshika mkono, akaogopa kwamba akimshika atasimama. Hakujua kwamba kichwani mwa mzee yule kitu cheusi, kidogo, mbali, kilikuwa kimening'inia kinapiga piga mguu, na sauti yake mwenyewe inatangaza: mpisheni, mpisheni.

Langoni mwa mtambo kulikuwa na ubao. KILICHOINGIA KIMEINGIA. Babu Swichi ndiye aliyeuandika, kwa mkono wake, mwaka wa pili wa kazi. Walikuwa wakija watu wanalia pete, wanalia vyeti, mmoja alikuja analia meno ya bandia ya baba yake, na yeye alikuwa akishuka ngazi, akawapa utani mmoja wa kuwafuta machozi, akawaonyesha ubao. Hakuwahi kumfungulia hata mmoja.

Mhandisi wa zamu alikuwa kijana mstaarabu, kaja miaka miwili tu iliyopita. Alisikiliza, akatazama ubao, akaona aibu kwa niaba ya mwingine.

"Mzee wangu, sheria uliniambia wewe mwenyewe."

"Nilikuambia."

"Ukasema ukimfungulia mmoja, kesho watakuja na mashuka wakalale hapa."

"Nilisema, mwanangu. Nilisema na maneno mengine mengi." Alivua kofia. "Leo nimekuja kama wale."

Mhandisi alitazama saa, akatazama ile kofia mkononi. "Mashine ya kubana inaanza saa kumi kamili. Mna dakika ishirini na tano. Vaeni glavu."

Pipa la sumaku lilikuwa limeshamwagwa kwenye lundo la chuma: makopo ya maziwa, vifuniko, springi za godoro, mlango wa jiko. Mama Glavu alikuwa ameunganisha na zamu ya pili. Aliwaona wanapiga magoti, akacheka.

"Babu, umepoteza zile funguo za suruali?"

Babu Swichi aliendelea kupangua makopo. Binti ndiye aliyesema, bila kujua anachosema: "Tunatafuta kandambili ya mama yangu. Nyeusi. Ina msumari."

Mama Glavu alisimama pale pale. Kisha akavua glavu, akaja na mikono mitupu, mikono midogo iliyokunjamana kwa jasho, akapiga magoti upande wa pili wa lundo na kuanza kuchambua.

"Babu," alisema baadaye, chini chini. "Tulicheka."

"Nyinyi mlicheka. Mimi ndiye niliyewachekesha."

Walichimba. Kopo likiondoka, kopo lingine linateremka mahali pake. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kubana iliwashwa ikaanza kunguruma, na Mhandisi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akakunja mikono ya shati akainama naye. Zikiwa zimebaki dakika nne, tatu, binti akasema, "Baba." Hakusema kwa sauti kubwa.

Ilikuwa chini ya springi. Meno ya kupasulia mifuko yalikuwa yameichana ubavuni, imejaa uji mweusi wa taka, lakini kamba ilikuwa bado imeshika, na chini yake msumari na kizibo, mahali pake pale pale. Babu Swichi aliifuta kwa kidole gumba. Kisigino. Kidole kikubwa. Vitatu. Na kile ambacho hakikuwepo.

"Na ya kulia?" binti aliuliza.

Alifuata macho ya baba yake mpaka upande wa pili wa uwanja, ambako marobota ya kuni yalipangwa juu kwa juu, yamefungwa kwa waya, yakisubiri lori la saruji. Akayaendea. Babu Swichi akamfuata.

"Imo humu?"

"Imo. Lakini usiitafute, mama. Imekuwa ndogo kama kucha. Kipande kimoja katika robota hili, kingine katika lile kule." Aliweka kiganja juu ya robota lililokuwa karibu. Lilikuwa na joto la ndani kwa ndani, kama taka zilivyo. "Ungeitia msumari nayo," alijiambia. "Kazi ya dakika mbili. Haikuwa imekatika, ndiyo maana. Nzima haifungwi msumari."

Jua lilikuwa linaelekea kushuka waliporudi. Binti aliiosha kandambili uani kwa sabuni na mswaki wa zamani, taratibu, asije akasugua alama za vidole zikafutika. Babu Swichi alikaa kwenye kizingiti akimtazama.

"Baba, nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Sikuzitupa kwa sababu zimechakaa." Aliendelea kusugua mahali palipokwisha takata. "Kila nikitoka sokoni, nikifungua mlango nikiziona, moyo unaniambia yumo ndani. Wiki tatu. Kila siku nafungua kinywa niite. Mara mbili nimeita kabisa. Nikaona siwezi, Baba. Nilikuwa namzika kila siku."

Babu Swichi aligeuza kofia mikononi.

"Na mimi ndiyo maana niliziacha," alisema. "Nifungue mlango, nidhani yumo."

Wakakaa. Mtaani mtu alipita akamwamkia Babu kwa utani wa kila siku, akimuuliza leo sumaku imemnyanyua wapi. Aliinua mkono tu.

Binti aliingia kuosha vyombo. Kandambili ilipokauka, mzee aliichukua, akapiga magoti sebuleni, akaingiza mkono ndani yake kama anayevaa glavu. Akasubiri kidogo, muda wa mguu wa kulia kupita. Kisha akagonga sakafu.

Tek.

Jikoni maji yalinyamaza.

Akasubiri tena, akagonga tena. Kimya, tek. Kimya, tek. Alijaribu polepole, akajaribu kwa hasira, akajaribu kama mtu anayetoka msalani gizani. Miaka mingi alikuwa amewaiga watu, akiwaiga madereva na wahandisi na mameya mpaka wenyewe wanajishangaa. Hii ilimshinda. Mkono hauna uzito wa mtu. Ilikuwa sauti ya msumari kwenye saruji, basi.

Alipoinua kichwa binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, povu linamdondoka viganjani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa karibu kuita.

"Siyo yeye," Babu Swichi alisema.

"Siyo yeye," binti alisema.

Akaichukua kandambili mkononi mwa baba yake, akakikunja kile kizulia chekundu, akaiweka mlangoni, imetazama ndani.

Asubuhi Babu Swichi alitoka kwenda kazini. Mguu wake ukanyanyuka wenyewe, kama kawaida yake. Lakini miguu nayo inajua kuhesabu. Hatua ilikuwa fupi, ya kandambili moja.